Wanafunzi Wasiohitimu

Biblia ya Kiswahili inawaita waliomfuata Yesu "wanafunzi". Neno hilo hilo tunampa mtoto wa kidato cha pili anayetembea kilomita nne asubuhi kwenda shule, na sweta lake limelowa ukungu wa Karatu. Kwa hiyo ukitaka kutafsiri jina la filamu ya BBC Africa Eye iliyotoka Januari 2024, Disciples: The Cult of TB Joshua, nusu ya kwanza ni rahisi, wanafunzi. Nusu ya pili ndiyo inayosumbua, na nitaifikia. Tuanze na hao wanafunzi. Yule wa kidato cha pili ana siku ya kumaliza. Atapata matokeo yake, hata kama ni sifuri, kisha ataondoka. Filamu hii ya sehemu tatu inahusu wanafunzi ambao hakuna aliyewaambia watamaliza lini.

Kwa asiyeiona, habari yenyewe ni hii. Temitope Balogun Joshua, Mnigeria, alianzisha kanisa la Synagogue Church of All Nations, SCOAN, katika eneo la Ikotun jijini Lagos. Televisheni yake, Emmanuel TV, iliwafikia watu wa mabara yote. Ndani ya uzio wa kanisa waliishi vijana walioitwa "disciples", wengine wametoka Uingereza, Marekani, Afrika Kusini, Ghana, Namibia na Ujerumani. Baadhi yao walikuja kutembea muda mfupi wakabaki miaka mingi. Joshua alifariki Juni 2021 akiwa na umri wa miaka 57. Baada ya uchunguzi wa miaka miwili BBC ikawapa nafasi zaidi ya wafuasi 25 wa zamani kueleza walichokiona: kunyimwa usingizi, kupigwa, kutengwa, kubakwa, kulazimishwa kutoa mimba, na miujiza ya kutengenezwa. Kanisa limekana, likisema tuhuma dhidi ya nabii wao si jambo jipya na hazijawahi kuthibitishwa.

Kwa nini mtu wa Karatu aandike kuhusu Lagos? Kwanza, kwa sababu Lagos ilishafika kwetu. Novemba 2015, siku chache kabla ya kuapishwa kwa John Magufuli, TB Joshua alitua Dar es Salaam. Akapokelewa na rais mteule, na akaenda pia kumwona Edward Lowassa, mtu wa Monduli, jirani yetu kabisa, aliyekuwa ametoka kushindwa katika uchaguzi huo huo. Mshindi na mshindwa waligombana kwa kila kitu mwaka ule, ila kwa mgeni huyu walikubaliana. Mtu aliyekuwa na shaka naye angeanzia wapi kuisema, wakati picha yake na wakubwa wa pande zote mbili ipo gazetini?

Sababu ya pili iko karibu zaidi. Wilaya ya Ngorongoro ilishakuwa kitovu cha imani cha Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu, aligawa kikombe cha dawa ya mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipita Mto wa Mbu kuelekea Engaruka na Ziwa Natron, foleni ikawa ya makumi ya kilomita, na wapo waliokufa wakiwa ndani ya foleni kabla hawajakiona kikombe. Babu naye alifariki Julai 2021, wiki chache tu baada ya Joshua. Sisi tunaoishi kando ya barabara hizi hatuwezi kujifanya mambo ya manabii ni ya nchi za mbali.

Sasa tuingie kwenye filamu yenyewe.

Jambo la kwanza la kuliona ni umbo la masimulizi. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa injili analijua umbo la ushuhuda: nilikuwa hivi, nikakutana na mtumishi, sasa niko hivi. Nilikuwa mgonjwa, nikaguswa, nikapona. Lina sehemu tatu na halibadiliki, na watu hulijua kwa moyo kama kibwagizo. Wafuasi wa zamani walioketi mbele ya kamera ya BBC wanatumia umbo hilo hilo, lakini wameligeuza kama nguo iliyovaliwa nje ndani. Nilikuwa mzima, nikakutana na mtumishi, na hiki ndicho nilichobaki nacho. Hawana umbo lingine. Walilelewa ndani ya ushuhuda, walirekodi shuhuda za wengine kila wiki, na siku walipotaka kusema ya kwao walikuta chombo walicho nacho ni kile kile. Hapo ndipo filamu inapopata nguvu yake, na hapo hapo ndipo mtazamaji anatakiwa kukaa macho, maana umbo hili linamtaka asikilizaye aseme "Amina" mapema mno.

Kinachoiokoa filamu ni vitu vidogo. Anayesimulia jambo kubwa tu, kipigo au ubakaji, tunamwonea huruma, kisha tunasema, "Mimi nisingekubali." Lakini wasimulizi hawa hawaanzi na kipigo. Wanaanza na usingizi. Unaruhusiwa kulala saa chache tu. Simu yako si yako tena. Barua pepe zako zinasomwa. Kutoka nje ya geti kunahitaji ruhusa. Kila mmoja anatakiwa kumripoti mwenzake, kwa hiyo huna rafiki wa kumnong'oneza. Weka mambo hayo mezani moja moja uone: hakuna hata moja ambalo mtu angekimbilia polisi kwa ajili yake. Ukiyaweka pamoja kwa miaka, kipigo kinapokuja kinamkuta mtu ambaye hana pa kukisimulia. Ile "mimi nisingekubali" inaanza kuyeyuka, kwa sababu hakuna siku hata moja aliyoulizwa kama anakubali.

Rae, Mwingereza aliyeacha chuo mwaka 2002 akiwa na miaka 21, alikaa humo miaka 12. Miaka miwili kati ya hiyo alitengwa ndani ya uzio ule ule, wenzake wamekatazwa kuzungumza naye. Kwetu hilo linaeleweka haraka kuliko linavyoeleweka Ulaya, nadhani. Mtu wa kijiji anajua adhabu ya kunyimwa salamu. Unapita, watu wapo, sufuria inachemka, na hakuna anayeitika. Jela ina mlinzi wa kukuuliza jina. Kutengwa hakuna hata hilo.

Mwanamume anayeitwa Agomoh Paul ndiye sura ngumu zaidi katika filamu, na kwangu ndiye muhimu kuliko wote. Alikuwa mmoja wa watu wa ndani kwa miaka mingi, na anakiri alishiriki kutengeneza miujiza ya uongo. Mtazamaji anataka kujua amweke upande gani. Alidanganywa au alidanganya? Filamu haimwondolei lolote kati ya hayo mawili, na inafanya vizuri. Katika nyumba ya namna ile, anayehudumu ndiye pia anayelinda geti. Anayenyimwa usingizi ndiye anayehesabu usingizi wa mwenzake. Sisi tumezoea hadithi zenye mkosaji na mkosewa, kama kwenye mabaraza ya kata, na mzee akishajua nani atoe mbuzi watu wanarudi nyumbani. Hapa mbuzi hatoshi, kwa sababu mtu yule yule anadai na anadaiwa.

Kuna tukio jingine ambalo filamu ingeweza kulikalia muda mrefu zaidi. Wafuasi wote walimwita Joshua "Daddy". Kati yao alikuwemo binti mmoja, Ajoke, ambaye alikuwa baba yake kweli, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Anasimulia kwamba alihoji aliyoyaona, akatengwa kwa muda mrefu, na mwishowe akafukuzwa. Yaani watu wazima kutoka mabara mbalimbali waliruhusiwa kumwita baba, na aliyekuwa na haki ya jina hilo kwa damu ndiye aliyetupwa nje ya geti. Kwetu kila nabii wa mjini ni "baba", mkewe ni "mama", na waumini ni "watoto". Ni heshima nzuri, imetoka kwenye desturi zetu wenyewe. Lakini baba wa desturi ana ndugu zake. Ana shangazi wa kumkemea, ana ukoo wa kumwita akaketi chini akajibu. "Baba" wa kwenye jukwaa amechukua jina akaacha ukoo, na hakuna anayeweza kumwita kikao.

Nikiingia kwenye kasoro, ninaanza na jina. Neno "cult" limekaa juu ya bango kabla hatujaona sura hata moja. Hukumu imetangulia ushahidi, na muumini wa kawaida wa SCOAN, yule ambaye labda angehitaji kuitazama kuliko mimi, anafunga ukurasa hapo hapo. Kasoro ya pili ni mahali kamera inapoanzia. Sauti za Waingereza zinabeba uzito mkubwa, na maisha yao kabla ya Lagos tunayaonyeshwa kwa upole: nyumba, chuo, marafiki, ndoto. Wanaigeria wapo na wanasema kwa ujasiri, lakini mara nyingi wanaingia tayari wakiwa ndani ya uzio, kana kwamba wao walizaliwa humo. Ningetamani kumwona mama wa Ikotun ambaye mtoto wake aliingia geti lile akawa anamwona kwenye televisheni tu. Tarehe 12 Septemba 2014 jengo la wageni la kanisa liliporomoka na kuua watu 116, wengi wao raia wa Afrika Kusini. Uchunguzi wa kifo ulisema jengo lilikuwa na kasoro za ujenzi. Familia zile nazo ni sehemu ya hadithi ya utii, maana wapendwa wao walisafiri kwa imani wakarudi kwenye masanduku, ila katika filamu wanabaki pembeni ya hadithi ya wanafunzi.

Kasoro ya tatu haiwezi kuepukika: mtuhumiwa amekufa. Hawezi kujibu, na wanaosema wamesubiri hadi afe. Wapo wanaolitumia hilo kama silaha: "Mbona hawakusema akiwa hai?" Jibu liko katika filamu yenyewe. Baadhi yao walisema akiwa hai. Walijaribu, wakapuuzwa au wakatishwa. Kusema si tendo la mtu mmoja, jamani. Kusema kunahitaji masikio.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye lile neno gumu. Kiswahili hatuna neno moja la "cult". Mwaka 2023, maiti zilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zikavuka 400, vyombo vyetu vya habari vilimwita Paul Mackenzie "mhubiri tata", na mafundisho yake "imani potofu" au "itikadi kali". Angalia maneno hayo yanafanya nini. "Tata" ni neno la kamba iliyojifunga, kana kwamba shida ni kwamba hatujamwelewa vizuri. "Imani potofu" inaweka kosa ndani ya kichwa cha aliyeamini. Aliyekufa njaa amekufa kwa sababu imani yake ilipinda. Lakini wanafunzi wa Lagos hawakuteswa na fundisho fulani la ajabu. Mengi waliyofundishwa ungeyasikia Jumapili yoyote katika kanisa lolote la kilokole. Walichofanyiwa kinahusu usingizi, simu, geti na salamu. Kinahusu mamlaka. Tukisema "imani potofu" tunaliangalia daftari la mwanafunzi na kumwacha mwalimu anayefunga mlango wa darasa kwa nje.

Maneno mabaya huzaa matendo mabaya. Juni 2023, watu 65 waliookolewa Shakahola walishtakiwa katika mahakama ya Shanzu, Mombasa, kwa kosa la kujaribu kujiua, kwa sababu walikuwa wakikataa chakula. Wameburutwa kutoka msituni nusu wafu, na kitu cha kwanza walichopewa na serikali ni shtaka. Ukimwona mfuasi kama mtu mwenye imani iliyopinda, shtaka lile lina mantiki. Ukimwona kama mtu aliyefundishwa kwa miaka kwamba mkono unaompa chakula ni wa shetani, shtaka lile ni ushahidi mpya wa kila alichofundishwa. Baada ya hapo nani angekaa mbele ya kamera?

Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, ilikwisha vibaya zaidi. Kanisa la kundi la akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliteketea na mamia ya watu ndani. Wafuasi wa kundi lile walikuwa wamezoeshwa kukaa kimya na kuwasiliana kwa ishara, kwa kuogopa kuvunja amri inayokataza kushuhudia uongo. Fikiria hilo kwa makini. Walikatazwa kusema kwa jina la ukweli. Tunajua walivyokufa, lakini kwa vinywa vyao wenyewe hatujui walivyoishi. Kwa hiyo wale 25 na zaidi wa Lagos wana thamani ambayo si ya uandishi wa habari tu. Ni watu waliorudi na lugha, kutoka mahali ambapo wengi hawarudi nayo.

Samunge inatusaidia kuona tofauti, na ni haki kuisema. Babu hakujenga uzio. Hakuna aliyehama nyumbani akamtumikie miaka 12. Ulikunywa, ukalipa 500, ukapanda gari ukarudi kwenu. Anayemweka Babu na Joshua kwenye kapu moja hajafikiri. Ila kuna jambo moja wanalofanana, nalo ni la masimulizi. Mwaka ule magazeti yalijaa "nimepona". Aliyepona alirudi kusimulia. Aliyeacha dawa za ukimwi au kisukari kwa sababu ya kikombe kisha akazidiwa hakuwa na safu yake gazetini. Alisimuliwa msibani, kwa sauti ya chini, na hapo ndipo hadithi yake ilipozikwa pamoja naye. Ushuhuda una mlango mmoja tu mpana, wa kuingilia.

Fasihi yetu nayo inahusika. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, inatupa nabii kutoka ndani: mtu aliyetoa neno kuhusu maji, kisha neno likakua likamshinda nguvu, na mwisho anakataa kulikana hata mbele ya mjerumani. Ni kazi kubwa, na inamjua nabii vizuri kuliko filamu yoyote. Lakini tumeisoma mashuleni miaka zaidi ya hamsini tukimhurumia anayeongoza. Yule aliyenyunyiziwa maji akarudi nyumbani hai, huku kaka yake hakurudi, akakaa miaka thelathini na swali lake jikoni, huyo bado anamsubiri mwandishi. Disciples, pamoja na kasoro zake, imemkalisha mtu huyo kwenye kiti na kumwachia nafasi aseme sentensi ndefu.

Ningependa kazi kama hiyo kwa Kiswahili, na ningependa ianze chini zaidi. Kila mji una vijana "wanaotumika" kwa mtumishi fulani. Wanafagia, wanapiga kinanda, wanafua, wanalinda mlango, wanarekodi video. Wengi wanafanya kazi njema kwa hiari, na anayewacheka hajui kanisa linavyoendeshwa. Wazazi wao wanapoulizwa, wanasema mtoto yuko kwa mtumishi, na sauti ina fahari kidogo. Mwandishi atakayefika hapo asiulize kwanza mtoto anaamini nini. Aulize analala saa ngapi. Simu yake anaishika nani. Mara ya mwisho kuja nyumbani msibani ilikuwa lini, na nani alimpa ruhusa. Na akiaga Jumatatu kwamba basi, mimi naenda zangu, je, Jumanne wenzake watamwitikia salamu sokoni?

Filamu ipo bure kwenye YouTube, kwenye ukurasa wa BBC News Africa, sehemu tatu. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo ukiweza itazame na mzee asiyejua Kiingereza, umtafsirie. Utakwama mara nyingi. Utakwama kwenye "cult", utakwama kwenye "Daddy", na kwenye "disciple" utasema mwanafunzi, naye atakuuliza: mwanafunzi wa shule gani, na walimaliza lini? Mjibu swali hilo vizuri, hata kama itabidi usimamishe filamu. Lina faida kuliko nusu saa ya mwisho.